Chafya ya Tatu

Simu yangu ina chafya arobaini na moja.
Nimezivuna Kibuye, penye kinu cha pilipili,
Auma akisaga na wateja wakiziba pua kwa leso:
ya mwalimu Nekesa, mlango uliofungwa kwa adabu;
ya hamali wa magunia, ambaye baadaye
aliniuliza kama chafya hulipwa;
ya mtoto mgongoni, tone tu, kisha mshangao.

Naandika riwaya. Watu wangu wa karatasi
wanaoana, wanauana, wanaibiana mashamba,
ila hakuna aliyepiga chafya
zaidi ya ile ya vitabuni, hachuu, isiyo na kamasi.

Kwa diwani Ondiek, mla hongo wa sura ya tano,
nilitaka chafya nene, ya kutikisa sahani.
Nikaiba ya jirani yangu Shikuku, bawabu
anayerudi Nyalenda alfajiri na vumbi la godauni.
Ukuta wetu ni bati. Nikaegemeza simu.

Moja. Mbili. Ya tatu ikagonga bati.
Kisha kimya, sufuria, kiberiti,
kisha sauti yake, taratibu, chumbani peke yake:
"Afya, Shikuku."
Akajijibu: "Asante."

Nimerudia hapo mara ngapi, sijui.
Ondoa herufi mbili za mwanzo kwenye chafya
uone kinachobaki.

Ondiek hajapiga chafya mpaka leo.
Sura ya tano imekwama, mhariri ananuna.
Na alfajiri hii, bati lilipotetemeka mara ya tatu,
nilimuwahi.