Kifua cha Nani

Mimi kazi yangu ni basi.
Mkataba unasema: wapeleke, wasubiri, warudishe.
Haukusema nishuke.
Lakini Oktoba ya Aroostook, injini ikizimwa,
baridi huingia garini kama mdai,
na nje angalau kuna watu wanaocheka.

Nikashuka.

Likizo ya viazi imekwisha juzi tu,
kucha za watoto bado zina mashamba ya baba zao.
Bi Michaud anagawa futikamba, penseli,
karatasi zilizofungwa ndani ya plastiki.
Kila wawili na mti wao, kila mti na kibati cha namba.
"Pimeni unene kwenye kimo cha kifua."

"Kifua cha nani?"

Huyo ni Odile Cyr, miaka tisa,
kofia ya kaka yake imemshuka hadi kwenye nyusi.
Kimya. Hata kigogota akaacha kugonga.
Maana kifua cha Odile kiko kiunoni mwa Waylon,
na cha Waylon hakifiki mfuko wa shati la Bwana Gagnon,
bwana misitu mstaafu, vidole tisa;
cha kumi alikiacha kwenye kiwanda cha mbao
kabla kiwanda chenyewe hakijaachwa.
Akatoa fimbo yenye utepe mwekundu.
"Kifua cha hii. Haikui, haibishani."

Miti ya huku siijui majina.
Msonobari, sawa, hata kwetu Mufindi upo,
umesimamishwa mistari kama mgambo.
Lakini huu mweupe, unaochambuka
kama daftari lililonyeshewa?
Nimeupa jina mwenyewe: mdaftari.
Watoto waliniuliza maana, nikawaambia,
na sasa Waylon, kwenye safu ya "aina",
ameandika kwa herufi kubwa MDAFTARI.
Bi Michaud ameona. Hajafuta.

Halafu gogo.
Limelala, limejifunika kuvumwani, wanne wanasukuma,
wala halijui kama linasukumwa.
Likanitoka bila kufikiri, kwa lugha yangu:
mti hauendi ila kwa nyenzo.
Nikaokota tawi gumu, nikalitia chini ya tumbo la gogo,
nikawaonyesha pa kukalia.
Likabiringika. Ikatoka harufu ya ghala la viazi mwezi Machi,
na pale, mfupi kuliko kile kidole kilichopotea,
salamanda, mgongo rangi ya kutu.
Hana mapafu, anasema Bwana Gagnon, anapumua kwa ngozi;
ukimshika na mikono mikavu umemziba pua mwili mzima.

Waylon, ambaye hata darasani hukaa kiti cha nyuma ya basi,
alichovya viganja dimbwini
akavitoa, akavishika hewani, vinachuruzika.
Hakumgusa.
Alitaka tu awe tayari.

"Haya, warudishieni watu paa lao."

Mwisho ikaja keekee, nyembamba, ya kuzungusha kwa mkono,
ikaingia mti namba kumi na saba
ikatoka na kijiti cha mbao, unene wa penseli,
mistari ya miaka imebanana kama foleni ya mshahara.
Walihesabu kurudi nyuma kwa ncha ya sindano.
Mwaka wa ukame, uzi tu.
Mwaka wa Odile, mpana; akaupima kwa ukucha mara mbili.
Kisha akatazama tundu.

"Tumeuumiza?"

"Kidogo," akasema Bwana Gagnon.
Nilimpenda kwa hilo.
"Utajiziba kwa utomvu wake. Haraka hauna."

Odile akaweka dole gumba kwenye tundu,
hakuliondoa mpaka nilipopiga honi mara ya pili.

Njiani wamelala, vinywa wazi, majani kwenye nywele.
Usukani unaninata mikononi; nimejaribu sabuni, chumvi,
hata mafuta ya kupikia.
Kituo cha mwisho, kwenye sanduku la barua la akina Cyr,
Odile alisimama mlangoni, akajinyoosha,
akashika nguzo pale kifua chake kinapofikia
na kuibonyeza kwa dole lile lile.

Alama ipo. Kahawia, inanukia.
Asubuhi, kwenye fomu ya ukaguzi,
kuna kisanduku cha uchafu.
Nimeandika: hakuna.