Mpangaji wa Juu

Kitabu kilikuwa kimoja tu, jalada nimelivika kalenda ya mwaka juzi.
Nikakikodisha shilingi mia tano kwa wiki
hapa dukani kwangu Michenzani,
baina ya mashine ya fotokopi na friji la ubuyu wa barafu.

Kisa chake: jini kapanga chumba kwenye majumba yetu haya,
analipa kodi, anagombea maji na wenziwe,
na usiku hupanda ngazi hadi ghorofa isiyokuwepo
ambako ndoto za mji mzima hufuliwa, zikaanikwa.

Machano, fundi umeme, alikirudisha siku ya pili, hakukaa hata.
"Huyu mtungaji hajafungua mita maishani mwake!
Jini linapita vipi kwenye waya wa ardhi?
Angesema waya wa moto, ningemwamini."
Nikamuuliza, na jini je, umeliamini?
Kanitazama
kama niliyemuuliza iwapo Ijumaa ipo.

Raya kakisoma zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
kwa tochi ya simu.
Kasema hajapata kusoma kitu cha kweli namna ile.
Ukurasa wa themanini na moja ulirudi umevimba.
"Chai ilinimwagikia," kasema.
Alipoondoka niliulamba.
Chai gani ile ya chumvi?

Bi Mgeni Vuai alisomewa na mjukuu, sura mbili, akakataa ya tatu.
"Hadithi haijaanza hiyo. Hajapika mtu, hajala mtu.
Jini gani haonjeshwi halua, hafukiziwi udi,
kazi yake kupanda ngazi tu kama mkaguzi?"

Kisha Shaame, kijana wa Wete, anasoma chuo Tunguu.
Alikitupa juu ya kaunta, kalenda ikachanika.
"Kwani kila jini mwovu lazima awe kapanda meli Mkoani?
Unguja majini hayazai?"
Kweli, nilimpa haki yake.
Wiki iliyofuata akakikodi tena, ati ahesabu makosa.
Mara ya tatu sikumuuliza, naye hakusema.

Kuna baba aliyeninyofolea ukurasa,
kanirejeshea ndani ya bahasha, umekunjwa mara nne:
"Huu usimpe binti yangu."
Binti, Hidaya, alikuwa keshausoma zamani.
"Ule? Ule ndio uliokuwa unachosha."

Alasiri moja umeme ulikatika,
Machano na Raya wakakutana gizani mwa duka langu.
Yeye anasema jini alikuwa na kiu ya watu;
Raya anasema alikuwa mpweke, basi, kama mgonjwa asiyetembelewa.
Wakapandishiana sauti mpaka barafu ikaanza kuyeyuka.
Kisima kimoja, kila mtu kateka kwa kata yake,
huyu kasema maji chumvi, yule matamu,
na mimi mwenye kamba
sikujua nimeshika nini.

Mimi? Nikiulizwa, husema kizuri kidogo.
Sura za mwanzo nilipiga miayo.
Lakini pale jini anapoanua kwenye kamba ndoto ya mtoto,
anaikunja taratibu asiivunje kola,
nilikifunga kitabu nikaenda kuziangalia nguo zangu barazani.
Zilikuwa nguo.
Nikazihesabu hata hivyo.

Jana mita yangu iligoma, nikamwita Machano.
Naishi juu kabisa; baada ya mlango wangu
ngazi zinapanda vidato vitano, zinakutana na ukuta.
Alimaliza kazi, kachukua pesa yake, kaniaga.
Nami nikatoka nyuma yake na ndoo ya maji machafu.

Hakuwa ameshuka.
Kasimama kidato cha tano, bisibisi mkononi,
uso kauelekeza ukutani,
na kwa sauti ndogo, kama mtu anayedaiwa, kasema:
"Hodi."

Sikumcheka.
Niliishusha ndoo, polepole, isigonge sakafu,
nami nikatega sikio.