Viti Tisa, Savuti

Jumanne nilipewa gari la watu tisa.
Safu tatu, viti vitatu vitatu, turubai juu, ubavu wazi,
na kabla jua halijaondoa baridi kwenye vyuma
walikuwa wameshaigombania safu ya mbele.

Horácio alitaka chui. Chui tu. Lenzi yake,
ndefu kama mguu wa mbuni, ililala mapajani mwa jirani.
Akina Moodley wa Durban, wiki ya pili ya ndoa,
hawakutaka kitu ila blanketi moja kwa wawili.
Mtoto alitaka kukojoa.
Na Ingeborg, miaka sabini na sita, safu ya nyuma
anakokula vumbi letu sote,
akainua kidole: "Simama. Keremkerem."

Nikazima injini. Ndege mdogo, mwekundu wa koo,
anampigiza nyuki kwenye tawi.
Dakika tano. Kumi. Mtu akaguna. Mtu akatazama saa
kana kwamba simba hufunga ofisi saa mbili.
Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
na usukani nimeushika mimi; ngozi ndiyo mimi.
Dakika kumi na nane, nilihesabu,
ndipo mbwa mwitu wakachomoza kwenye mopane,
kumi na mmoja, masikio kama pawa,
wakapita katikati ya kimya chetu.
Mmoja akainusa tairi.
Mtoto, suruali imeshalowa, akanong'ona: "Wanatuhesabu."
Mkono wa Horácio ulikuwa begani kwa Ingeborg.
Kamera ilikuwa sakafuni.

Alhamisi, gari lile lile, mtu mmoja.
Bwana Verhaegen wa Ghent alilipia viti vyote tisa.
"Leo hakuna wa kutuharakisha," akasema,
akakaa safu ya kati, kushoto, pembeni kabisa.
Kwa mazoea niligeuka kuhesabu wageni.
Mmoja.
Nikahesabu tena.

Chui tulimpata saa moja kasoro robo, juu ya mwegea,
mkia unaning'inia kama kamba iliyosahaulika kisimani.
Tukakaa. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyebanwa na mkojo.
Saa tatu. Saa nne.
Chui alilala usingizi wa mtu asiyedaiwa.
Ilipotimu saa tano akaamka, akajinyoosha,
akatuteremshia macho yake ya manjano,
na mzee akageuza kichwa kulia, haraka,
mdomo wazi, neno liko tayari —

kiti.
Kiti kingine.

Akaufumba.

Baadaye akanisimulia, akiuambia mgongo wangu,
habari za gari la baba yao, la buluu,
lililokuwa na dirisha moja tu linalofunguka;
jinsi yeye na Joris, ndugu yake, walivyofinyana
kila Jumapili njia nzima kwenda kwa shangazi,
na finyo zile zikakua nao mpaka wakaota mvi.
Joris alizikwa Machi.
"Dirisha," akasema, "nililipata mimi."

Mimi nimefunzwa nyayo, vinyesi, kilio cha swala
anapoona kitu ambacho wewe hujakiona.
Hilo sikufunzwa. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Jioni nafagia gari.
Jumanne nilitoa kibanio cha nywele, mbegu za tufaha,
soksi moja ya mtoto, unyoya ambao sijui ni wa nani.
Leo, kiganja cha mchanga chini ya kiti kimoja.
Vile vinane vingine vumbi limevijaa hata kukizidi hicho,
maana hapakuwa na kalio la kulizuia.

Ofisi ya Maun itapiga simu kesho, kama kawaida:
wageni wapya wanauliza, bora lipi,
gari la peke yao au la kuchangia?
Nitasema hewani kuna mikwaruzo, siwasikii.

Moagi fundi amekuja na bakuli la ugali wa mtama,
mboga juu yake, vijiko viwili.
"Sogea," anasema.
Viti tisa, Moagi, na wewe unakitaka hiki?
Amekaa hapo hapo, bega juu ya bega langu,
na anamwaga chumvi bila kuniuliza.