Kugeuza Kichwa

Sentimita mia moja arobaini na nane, ncha hadi ncha.
Mlango wangu ni themanini na tano.
Hili sikulipima kabla ya kumwambia kaka yangu Bálint:
nyumba uza, vyombo gawa,
pembe za Csákó ni zangu.

Miezi miwili zilikaa ghalani kwa jirani, Bi Rozália,
ndani ya pipa la maji yaliyovunda,
mpaka ganda likaachana na mfupa wake
kwa sauti ndogo, kama buti linalong'olewa topeni.
Harufu sitaisimulia.
Rozália aliisimulia kijiji kizima.

Kisha ikawa kazi ya mikono.
Kwanza kigae cha chupa, kukwangua magamba,
halafu msasa mkavu, msasa wa maji,
mwisho kitambaa na mafuta ya kitani,
na chini ya uchafu wa miaka kumi na tisa
rangi ikaanza kurudi:
maziwa shinani, jivu katikati,
ncha nyeusi kama ukucha uliobanwa na mlango.
Pembe la kushoto lina mfuo laini
uliochimbwa na kamba ya nira, siku baada ya siku,
baba akiwa nyuma, akipiga mluzi usio na wimbo.
Msasa ulipofika hapo niliuinua.
Nikauteremsha tena upande wa pili wa mfuo.

Ubao ni mwaloni wa hori lake mwenyewe;
una alama ya ulimi.
Ngozi ya katikati niliikata kwenye buti la baba la kushoto,
la kulia Bálint alikuwa ameshalitupa.
Plasta, vijiti viwili vya chuma, gundi,
siku tatu za kungoja bila kugusa.
Niligusa.

Basi la Debrecen, kiti cha nyuma, nauli ya watu wawili.
Lifti ya jengo letu hubeba watu wanne
au jokofu moja dogo.
Nikapanda ngazi.
Ipo methali: ng'ombe haelemewi na nunduye.
Ng'ombe wetu wa kijivu, wa uwandani, hawana nundu,
wala methali haikusema neno
juu ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili
kwenye ngazi za ghorofa ya tatu,
amekwama kati ya ukuta na mbwa wa Bwana Zsigmond.

Mlangoni nilijaribu mbele. Nilijaribu nyuma.
Nilizisimamisha wima zikakwaruza dari ya ukumbi.
Nikaziweka chini, nikakaa kando yake, nikalia kidogo,
zaidi kwa sababu ya magoti.

Ndipo nikamwona, mlangoni pa zizi, jioni, mvua ikinyesha.
Husimama. Hushusha kichwa.
Kushoto kwanza, ncha ikipita chini ya komeo,
kisha bega, kisha shingo ikijipinda taratibu,
na pembe la kulia likifuata kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.
Mwimo hakuugusa hata mara moja.
Hakuna aliyemfundisha.
"Huyu anajua upana wake," baba alikuwa akisema,
akinitazama mimi, nyakati nyingine akimtazama mama.

Nikainuka. Kushoto kwanza. Bega. Shingo.

Ukuta ni zege; drili ililia saa nzima
na Bwana Zsigmond akagonga kwa ufagio, kwa haki, ilikuwa Jumapili.
Skrubu mbili ndefu. Nikarudi nyuma mpaka dirishani.
Zimekaa mshazari: la kushoto liko chini,
vidole viwili, labda vitatu.
Kipimausawa nilikuwa nacho mfukoni.
Kimebaki mfukoni.

Usiku Bálint akapiga simu.
"Zimeingia?"
Nikamwambia, "Ameingia."