Mbona

Nilipoingiza majina ya darasa kwenye kishikwambi
kilimkubali Vihenda, kikamkubali Asige,
kilipofika kwa Mmbone kikagoma kama mbuzi mlangoni,
kikanisahihisha mimi, mwalimu wa miaka kumi na tisa:
Mbona.
Nikafuta. Kikarudisha.
Basi kila asubuhi kinasoma kwa ile sauti yake ya puani,
Mbona,
na darasa zima linaangua kicheko,
na mimi, Mungu anisamehe, naficha meno nyuma ya daftari.

Hapa Maragoli mtandao unakaa juu ya jiwe,
lile lenye mpasuko, nyuma ya kanisa la Marafiki.
Jioni utawaona gredi ya nane wamelikwea,
simu za mama zao mkononi,
mmoja kainua mkono kama anayetaka kujibu swali,
wengine chini wanamwuliza: Umeshika? Umeshika?

Zamani kazi ya nyumbani niliijua kwa harufu.
Moshi. Mafuta ya taa.
Kidole chenye ute wa mrenda kimepita pembeni mwa ukurasa.

Sisemi kilichokuja ni kibaya.
Kagai, ambaye macho yake yanaona ukungu tangu utotoni,
miaka mitatu alikaa dawati la mbele akijifanya anasoma;
sasa kinamsomea sikioni, polepole,
na juzi alinibishia ngeli ya neno ugonjwa
akanishinda.

Lakini insha.

Niliwapa "Siku Nisiyoweza Kuisahau."
Mmbone akaniletea bahari.
Kurasa mbili za bahari! Mawimbi, mchanga mweupe,
methali tatu zimepangwa kama sahani za wageni,
wala hakuna herufi iliyoteleza.
Mmbone, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona
ni Edzava ukifurika na kubeba migomba ya watu.
Mmbone, ambaye b na p kwake ni mapacha,
aliyeniandikia mwaka mzima:
Papa anafanya kazi Elburgon. Papa ametuma pesa.
Nami kwa wino mwekundu: papa ni samaki, mwanangu, huishi baharini.
Sasa bahari ndiyo hii,
na papa hayumo.

Sikumpeleka ofisini.
Nilikizima kishikwambi, nikamtazama, nikauliza
kwa sauti ya chini:
Mbona?
Akadhani namwita. Akasimama.
Nipo, mwalimu.

Hakuna aliyecheka.

Akasimulia. Kiswahili kilipomwishia alichovya Kimaragoli.
Kwamba baba alirudi Jumatano, wala si sikukuu,
vidole vitatu ameviacha kwenye mashine ya kupasua mbao,
mkono umeviringishwa kitambaa cha hospitali.
Kwamba Jumapili iliyofuata yeye, Mmbone,
alipiga magoti akamfunga kamba za viatu vya kanisani,
na baba akatazama ukutani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita,
mpaka fundo la pili lilipokaza.

Iandike hiyo, nikamwambia.
Akaniuliza kama inaruhusiwa bila methali.

Aliipiga chapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, siku mbili.
Usiku nikaisoma kwa taa ya sola.
Papa alirudi Jumatano.
Chini ya neno hakuna mstari mwekundu:
mashine haioni kosa, papa ni neno halali.
Kosa naliona mimi tu.
Kalamu ikakaa hewani.
Kando ya kiwiko changu lilikuwepo azimio la kazi la muhula mzima,
safi, limenyooka,
lile alilolisifu afisa wa elimu mbele ya walimu wote,
ambalo sikuliandika mimi.

Nikampa kumi na tatu kwa ishirini.
Papa nikamwacha apite.