Mchanga, Sauti ya Kwanza

Jina la utotoni nililiacha jandoni,
likateketea pamoja na kibanda,
na anayeniita kwalo hadi leo
anatafuta ugomvi. Hata mama hathubutu.
Nikatoka na Shamte. Limenitosha
kwenye daftari la ghala, hapa Nachingwea,
kwenye kila gunia la ufuta nililolipima.

Kisha akaja Bi Shen, mkaguzi wa wanunuzi,
na bambo lake la chuma.
Anachoma gunia, anamimina kiganjani,
anapuliza. Kinachobaki ndicho bei.

Shamte refu, akasema,
hiyo *m* na hiyo *t* zinabanana mlangoni.
Chukua silabi ya kwanza tu: Sha.
Akaichora nyuma ya stakabadhi:
ubavuni matone matatu ya maji,
upande wa pili neno "chache".
Maji yakiwa machache, unaona nini?
Mchanga.

Mchanga! Mimi!
Miaka saba nauchekecha.
Nimemrudisha Mzee Nampunga na magunia yake manne
kwa ajili ya mchanga, akanilaani hadi barabarani;
leo niuvae kama kanzu ya Idi?

Kwao ni ukoo, akasema, wapo wengi, wala hawaoni haya.
Basi nikalitamka,
na sauti yangu ikafanya ilivyozoea:
ikainama kidogo, kwa adabu, kisha ikainuka.
Vibarua hawakujua kwa nini Bi Shen ameziba mdomo.
Sha ya kuinama, alinieleza baadaye, ni mpumbavu.

Kwa hiyo nikajifunza kutoinama.
Sha: juu, sawa, kama ulimi wa mizani
uliokataa kuegemea upande.
Nililirudia nikishona magunia, nikioga,
mke wangu Atiye akauliza
namfukuza kuku wa nani.

Na usiniambie sisi hatuna sauti hizo.
Nenda kamdai mtu wa kwetu deni lako,
atakugunia tu: mhm. Mdomo umefungwa,
hakuna neno lililotoka, na wewe unajua kabisa
kama utalipwa au ndiyo basi tena.

Lililonishinda ni mai.
Mai inayozama ikaibuka: kununua.
Mai inayoanguka tu: kuuza.
Nikamwambia hiyo ya pili haina haja ya mwalimu,
sisi tukiuza, bei huanguka hivyohivyo.
Hakucheka. Akachomoa bambo, akaandika.

Msimu huu Bi Shen hakurudi.
Amekuja kijana wa miwani,
vumbi la Masasi mabegani.
Nikavuta pumzi,
nikalishika jina langu juu, halikutikisika.
Akashtuka, akafurahi, akamwaga maneno
kama gunia lililofumuka mshono.
Nikaokota moja: mai.
Mashine ya kupepetea ilikuwa inanguruma,
sikujua limeibuka au limeanguka.
Nikamjibu, mhm.