Mashuka ya Viazi

Mwezi wa tano, theluji ikiwa bado imejibanza nyuma ya banda
kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini haondoki,
tulipima shamba kwa hatua za Oiva:
kumi na mbili kwa saba,
hatua za mtoto wa miaka mitatu
ndani ya mabuti ya dadaye.
Si shamba, basi. Ni mkeka wa udongo
kati ya ukuta wa sauna na njia ya baiskeli.

Daftari lilikuwa la Vilja, aliyetimiza sita.
Aliandika: njegere, figili, karoti, maharagwe, viazi,
na chini kabisa, kwa herufi kubwa, NDIZI.
Akazika kipande alichokiokoa kwenye kifungua kinywa,
akachomeka kijiti.
Sikumkatalia.
Hapa Kainuu ardhi inajua yenyewe kusema hapana.

Figili zilitoka kwa pupa, nyekundu, zikiwasha ulimi.
Karoti zikatuweka.
Kila asubuhi Oiva alizifukua kuona kama zimeanza,
akazirudisha moja moja, akazipigapiga mgongo.
Nikamwambia, mvumilivu hula mbivu.
Akauliza, na asiyevumilia?
"Hula mbichi," dadaye akajibu,
mdomo umejaa njegere.

Kisha jua likagoma kutua.
Saa sita usiku mwanga ulikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji,
na wanangu, ndani ya nguo za kulalia,
wakimwagilia, wakimwagiliana,
mbu wakija ukoo mzima na wakwe zao.
Nani angewaambia walale?
Viazi havikulala. Magugu ndiyo kabisa.
Nami nilipalilia nikiwa nusu ndotoni,
nikang'oa, Mungu anisamehe, mstari mzima wa bizari.

Sungura alikuja mara moja tu, mwezi wa saba.
Nilitoka na ufagio.
Oiva alikuwa amechuchumaa mbele yake,
amemshikia jani la mwisho la kabichi
ili asipate taabu ya kuinama.

Halafu, mwishoni mwa mwezi wa nane,
wakati bado tunatembea pekupeku,
redio ikasema: usiku huu, jalidi.
Ikasema hivyo tu, ikarudi kwenye bei ya mafuta.

Armas alikuwa zamu ya usiku kiwandani, kwenye mbao.
Nikavivua vitanda mashuka, kimoja kimoja,
la arusi yetu, la wageni, lile lenye doa la blubêri,
tukaviandika viazi, tukayapanga maharagwe,
mawe pembeni, Oiva akihesabu mawe:
moja, mbili, tano, nyingi.
Mbingu zilikuwa safi mno. Usafi huo ndio ubaya wake.
Shuka la Vilja, lenye mbweha, likatosha nusu ya mwisho
ya mstari wa maharagwe. Tukalala juu ya magodoro matupu,
makoti yakiwa mablanketi, miguu ya nani sijui mbavuni mwangu.

Alfajiri Armas akanigusa bega.
"Kuna mtu ameanika nyumba nzima bustanini," akasema.

Nyasi zilikuwa zimeota mvi.
Tukainua la arusi: viazi, kijani, vinapumua.
La wageni: kijani.
Lakini nusu ya maharagwe ilikuwa nyeusi, imelegea
kama kitambaa cha kupangusia jiko,
wazi, bila shuka.
Mbweha walikuwa kule kwenye kona,
wamefunikwa vizuri, mawe manne,
juu ya kijiti na udongo mtupu.

Nilifungua kinywa.
Armas akanitazama. Nikakifunga.
Alikuwa ametoka usiku, peke yake, ndani ya baridi ile,
mtoto anayeogopa hata ngazi za chini ya nyumba.

Viazi tulivila hadi sikukuu ya mshumaa wa kwanza.
Udongo haukutoka kwenye mapindo ya mashuka;
nikigeuka usiku, bado nausikia ukikwaruza.

Na daftarini, kwa penseli iliyokandamizwa
hadi karatasi ikatoboka:
Maharagwe, yalikufa, nusu.
Ndizi, bado.